Jogoo Asiyewika

Vita vilipofika karibu na kijiji cha Lweba, watu walikimbilia bondeni, lakini kwanza walichinja majogoo wote. Jogoo mmoja akiwika porini, askari watawajia wote. Ni jogoo wa Mama Wilondja tu aliyesalimika.

"Huyu iko mugonjwa, hawiki tena," aliwaambia majirani, na nani angebisha? Jogoo huyo aliyeachwa na marehemu mumewe alikuwa ananyonyoka manyoya, shingo imebaki uchi, na utitiri umemvimbisha miguu hadi magamba yakasimama.

Mafichoni alimlea kama mtoto mchanga. Alimwosha miguu, akamsugua magamba taratibu, akampaka mafuta ya mawese ili wadudu wakose pumzi, huku wenzake wakila sombe, majani ya mihogo yasiyo na mafuta, na kumkodolea macho. Kwa kuwa hakuwaamini wenye njaa, kila alipopanda kijijini kuchimba mihogo alimbeba kwapani.

Siku ya tisa, akirudi na kikapu kichwani, aliona unyoya mwekundu njiani. Mbele yake mwingine. Kisha mwingine tena, mpaka kule chini walikolala watoto wa watu. Siku zote hizo walikuwa wameogopa mdomo wa jogoo, na hakuna aliyefikiria manyoya yake!

Alitua kikapu akaanza kuokota. Unyoya wa tano, wa sita. Alipogeuka, juu njiani mwanaume mwenye bunduki naye alikuwa ameinama, anaokota.

Jogoo alitulia kwapani, kimya, kama Mama Wilondja alivyowaahidi majirani.