Tanuru katika Uwanja wa Kanisa

Mwaka 1976, mvua zilipokuwa zikielekea kuisha, treni kutoka Dilolo, mpakani, ilishusha Likasi familia kadhaa za Waangola. Walikuwa wamekimbia vita kwao na kuvuka mpaka kwa miguu, na wengi hawakubeba kitu zaidi ya sufuria na watoto. Wakubwa wa mji wakawapa ghala kuukuu la mahindi huko Kikula, nyuma ya soko. Walilala humo wote pamoja, familia na familia zikitenganishwa kwa vitenge vilivyoning'inizwa kwenye kamba.

Bibiane, mkubwa wa akina mama wa parokia ya mtaa wa Panda, alikwenda kuwaona Jumamosi ya kwanza, akiwa na wenzake wawili na unga wa kusongea bukari kichwani. Mume wake, Placide, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kampuni ya shaba, na nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile za kambi ya wafanyakazi zinazofanana kama mayai. Bibiane alikuwa na sauti kubwa na haraka ya kusaidia. Aliporudi nyumbani hakula. Alimwambia Placide kwamba unga ule utakwisha kabla ya Jumatano, na kwamba watu wale hawakuhitaji kulishwa tu, walihitaji majembe, manjanja ya bati ya kuezekea nyumba, na kazi.

Placide alimsikiliza, kisha akamwomba aende polepole. Kiwandani watu walikuwa wakinong'ona kwamba kati ya Waangola wale kuna askari waliojificha, na yeyote ambaye angeonekana kuwapenda sana angeweza kuitwa kujieleza. Hata kanisani, baada ya misa, mzee Damas alikuwa amesema waziwazi kwamba wageni hawa watatuletea vita vyao mpaka mlangoni. Damas alikuwa amestaafu kazi ya mgodi, na Panda nzima ilimheshimu.

Bibiane hakuenda polepole. Jumatatu alikuwa kwa padri Urbain. Wakapatana kufanya kermesi katika uwanja wa kanisa: kwaya itaimba, akina mama watapika, watu watanunua, na faida yote itawasaidia wakimbizi waanze maisha. Padri akaenda kuomba ruhusa kwa wakubwa, akaipata, kwa sharti kwamba kikundi cha wacheza ngoma wa chama tawala kitangulie kusifu chama na serikali. Padri alikubali bila ubishi. Kisha akamwambia Bibiane kwamba watu hawatoi kitu kwa wasiowajua, basi ingefaa mkimbizi mmoja asimame mbele yao aeleze yaliyompata. Bibiane akasema anamjua wa kufaa, na Jumapili iliyofuata akatangaza kanisani kwamba mama mmoja wa Angola atatoa ushuhuda wake.

Mama huyo alikuwa bado hajaulizwa.

Jina lake lilikuwa Rosália, na watu wa Likasi wakalifanya Rosalie. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye binti mmoja aliyeitwa Claire. Yeye na mume wake, fundi wa reli, walipotezana njiani. Kiswahili alikijua kwa sababu mama yake alizaliwa upande wa Dilolo. Bibiane alimkuta akifagia mbele ya ghala, akamweleza habari za kermesi kwa furaha, mpaka mahali pa kusimama na kusema. Rosalie aliendelea kufagia kidogo, halafu akaegemeza ufagio ukutani.

"Mama Bibiane," akasema, "mambo yenye ilinipata, minye siwezi kuiweka mbele ya bantu. Haiko teatre ya kutazama."

Bibiane alijaribu kumweleza kwamba ni kwa faida yao wote, kwamba watu wakisikia watalia, na wakilia watatoa. Rosalie alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye hataki kujulikana Likasi kama mwanamke wa kuliliwa, maana atakuwa anaishi hapa, na binti yake atasoma hapa. Kwao alikuwa akipika mikate. Wampe udongo na mahali, atajenga tanuru palepale uwanjani, na siku ya kermesi watu watakula kazi ya mikono yake.

Bibiane alirudi Panda uso ukimwaka. Alikuwa ameahidi kitu ambacho hakikuwa chake, na alilijua hilo, ingawa njia nzima alimlaumu Rosalie. Ilimchukua mpaka kesho yake kwenda kumwambia padri. Padri aliuliza tu tanuru linahitaji nafasi kiasi gani.

Wakalijenga karibu na ukuta wa sakristia. Wanaume wawili wa Angola walibomoa kichuguu nyuma ya kambi na kuleta udongo wake kwa toroli, kwa kuwa udongo wa kichuguu haupasuki ovyo motoni. Akina mama wa Panda walichota maji. Rosalie alikanda udongo kwa miguu, sketi ameikunja magotini, na mikono yake ikapandisha kuta za tanuru duara kwa duara mpaka zikakutana juu. Watu waliokuwa wakitoka kazini walisimama kutazama. Mwanzoni walisimama mbali. Siku iliyofuata wakaanza kuuliza, na Waangola wakajibu kwa Kiswahili cha kubabaisha, na vicheko vikasikika. Watu walitambua kwamba mmoja wa wanaume wale alikuwa seremala, na yule mwingine alikuwa mkulima wa mihogo aliyekuwa akiulizia mashamba upande wa Kakanda.

Mzee Damas naye alikuja. Alileta kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka kivulini, akakaa mikono juu ya fimbo. Bibiane, aliyekuwa akichekecha udongo karibu, alikuwa tayari kumjibu akianza maneno yake ya vita. Lakini Damas alimgeukia Rosalie na kuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Weye, kwenu uliacha nini?"

Rosalie alikuwa akilainisha mlango wa tanuru kwa kiganja kilicholowa. Hakusimama.

"Niliacha tanuru kama hii, baba. Niliacha na mikate mu ndani. Ilikuwa bado kuiva."

Damas hakusema pole. Alianza kueleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alichukuliwa kwao Kasai akiwa kijana, kuja kufanya kazi ya mgodi, na mama yake alipofariki habari zilimfikia baada ya msimu mzima. Rosalie alisikiliza huku akifanya kazi yake. Wakazungumza hivyo mpaka jua likaenda, na Bibiane hakuthubutu kuingilia.

Kosa la Damas ni kwamba hakuweza kukaa na neno lile. Jioni alimweleza jirani, na jirani akamweleza mkewe, na kufikia Jumapili ya kermesi Panda nzima ilijua habari za mikate iliyoachwa ndani ya tanuru. Watu walifika uwanjani kwa wingi kuliko sikukuu ya somo wa parokia. Wachezaji wa chama walicheza, wakapigiwa makofi ya kutosha, kisha kwaya ikaingia, na harufu ya mkate ikafunika kila kitu. Mkupuo wa kwanza ulikuwa na ukoko mweusi upande mmoja, kwa sababu tanuru lilikuwa jipya na Rosalie hakuwa amelizoea. Ulinunuliwa wote kabla haujapoa.

Mwanamke mmoja alipopokea mkate wake alimwuliza kama yeye ndiye yule aliyeacha mikate motoni. Rosalie alimtazama, kisha akamtafuta Damas kwa macho. Mzee aliinamisha kichwa. Rosalie akajibu ndiyo, ni yeye, na akaendelea kuuza.

Baadaye, walipokuwa wakiosha masinia, Bibiane alimwomba msamaha, kwa ajili ya Damas na kwa ajili yake mwenyewe.

"Baba Damas haina neno," Rosalie akasema. "Yeye aliniuliza akikaa chini. Na habari ya kwake pia alinipa."

Mapato ya siku ile hayakutosha kila kitu, lakini yalitosha mwanzo. Familia saba zilipata majembe na mbegu, zikahamia upande wa Kakanda ambako chifu aliwapa ardhi. Seremala alinunuliwa msumeno na randa. Rosalie alipata manjanja na magunia ya unga, na Damas akampa pembe ya kiwanja chake cha Kikula ajenge tanuru lake mwenyewe, akisema kwamba watoto wake wote wako Lubumbashi na hakuna anayelima pale. Padri alitaka tanuru la uwanjani libomolewe, kisha akasahau.

Biashara ilikwenda kama biashara za watu. Kuna wiki unga ulipotea sokoni na Rosalie akauza maandazi ya mihogo. Claire aliingia shule ya masista. Kuhusu fundi wa reli, hakuna habari iliyofika, na Rosalie hakupenda kuulizwa.

Mwaka wa 1978, mwezi wa tano, vita vililipuka upande wa Kolwezi, na safari hii waliokimbia walikuwa watu wa jimbo letu wenyewe. Waliingia Likasi kwa malori na kwa miguu. Bibiane alivaa viatu na kwenda moja kwa moja Kikula, kichwani akipanga tayari kermesi nyingine: nani ataimba, nani atapika, padri atakwenda kwa mkubwa gani. Alimkuta Rosalie mlangoni kwake, amesimama kama anayezuia kelele zisiingie. Nyuma yake, kwenye mikeka, alilala mwanamke na watoto wake wawili, bado na vumbi la barabara miguuni.

Bibiane alianza kueleza mipango yake. Rosalie alimshika mkono, akamvuta taratibu hadi uani.

"Tutafanya yote, mama," akasema. "Kwanza balale."