Zohali Kwenye Kidole Gumba

Jana usiku niliota nimeibandua Zohali kwa ukucha.

Zohali ni ile sayari yenye pete. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimebandua bango la mgombea.

Kabla ya ndoto kulikuwa na jioni yenyewe, na jioni hiyo nilikuwa macho, kwa bahati mbaya. Shuleni kwetu, hapa Kondoa, mwalimu wa fizikia, Mwalimu Gwandu, aliazima darubini pamoja na hema la nyota, lile la kujazwa upepo kwa feni, ambalo ukiingia unalala chali na mbingu nzima inarushwa juu yako kama sinema. Familia zikaalikwa. Sisi tulikwenda watatu: mama, mimi, na Bibi Mwasiti, ambaye miezi miwili iliyopita alitolewa mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu alikuwa akiniona kama moshi uliovaa shati. Sasa ananiona vizuri, na ameshasema mbele ya majirani kwamba ule moshi ulikuwa na sura nzuri zaidi.

Mimi na Bibi tunataniana, kama bibi na wajukuu wengine. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita bi mkubwa ili ajue kwamba ninatafuta bi mdogo. Neno lililonyooka hatujawahi kuambiana.

Basi Bibi alikuwa amepanga foleni ya darubini dakika arobaini. Mbele yake wamebaki watu wawili. Mimi nimeshaiona Zohali, natoka zangu, nikamwinamia sikioni.

"Bi mkubwa, unaichosha miguu bure. Ile ni stika. Mwalimu kaibandika kwenye kioo."

"Kweli?"

"Naapa kwa mahari niliyokutolea."

Nikasubiri matusi. Hayakuja. Alisema tu, "Kumbe," akatoka kwenye foleni, akaenda kukaa kwenye benchi na kula karanga. Nikajua naye ananitania. Mpaka tulipofika nyumbani, nikamsikia akimwambia mama: "Mtoto amesoma yule, ameligundua. Nyota zenyewe za kubandika!"

Na darubini ilikuwa inaondoka alfajiri kwa basi la kwanza, kurudi kwa wenyewe. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, ukatoka utani mwingine. Akacheka, akaenda kulala. Nami nikalala, kifua kizito kama nimemeza ugali mbichi.

Ndotoni niko tena kwenye uwanja wa shule. Darubini imekaa kwenye kiti, imekunja miguu yote mitatu. Kwenye ubao kuna sheria za Mwalimu Gwandu, na watu wanazifuata. Sheria ya kwanza: Funga jicho moja. Mwalimu anapita akigawa makufuli madogo. Sheria ya pili: Liache jicho lizoee giza. Jicho langu lililobaki linashuka shavuni, linakwenda nyuma ya maktaba, linarudi baada ya dakika ishirini.

"Vipi?" naliuliza.

"Tumezoeana," linasema, likipanda. "Kumbe giza kwao Singida."

"Zamu yako," inasema darubini. "Usiniguse."

Naangalia. Zohali hiyo hapo, ndogo, safi, imenyooka. Imenyooka mno. Najisemea, ngoja nihakikishe. Napeleka ukucha kwenye kioo, nakwangua pembeni kidogo tu.

Inabanduka.

Sasa imeganda kwenye kidole gumba changu. Ukubwa wake kama punje ya dengu, baridi kama soda, na pete bado inazunguka.

"Umefurahi?" inaniuliza Zohali.

"Samahani. Nilidhani wewe ni stika."

"Hukudhani. Ulisema. Sasa nimekuwa. Nirudishe juu, nina miezi zaidi ya mia kule na hakuna hata mmoja anayejua kupika."

Najaribu kuibandika tena. Inadondoka. Nailamba kwa nyuma kama stempu. Zohali inaniomba niache ushamba.

Darubini inanigeuzia shingo. "Unamwona yule bibi kwenye foleni? Ni wa saba. Akifika hapa akakuta patupu, anarudi nyumbani na jicho jipya lisilo na kazi. Na mimi nina tiketi ya basi la kwanza."

Nakimbilia hema la nyota. Naingia kwa magoti. Ninaposimama niko kliniki ya macho, ile ile aliyotibiwa Bibi. Mabenchi yamejaa nyota, kila moja na pamba jichoni. Dirishani imekaa feni inayojaza hema upepo.

"Tatizo?" feni inauliza.

"Nimebandua sayari."

"Kwa ukucha au kwa maneno?"

"Kwa ukucha."

Feni inalipuliza faili langu, kurasa zinajifungua zenyewe. "Hapa imeandikwa kwa maneno. Ukucha ulimalizia tu."

"Naomba gundi."

"Gundi imekwisha tangu Jumatatu. Nenda kamwambie ukweli yule uliyemdanganya. Uso mkavu. Ukicheka, sayari inabaki karatasi moja kwa moja."

Nyota moja iliyokaa karibu na mlango inamnong'oneza mwenzake, lakini nasikia: "Huyu? Asicheke? Tumekwisha."

Natoka kwa mlango ule ule niliouingilia. Nje si uwanja tena, ni sebuleni kwetu, na foleni imezunguka kochi mara mbili. Darubini imesimama palipokuwa na televisheni. Bibi ni wa pili. Mbele yake yupo Mwalimu Gwandu, amejifunga makufuli macho yote mawili, anachungulia na kusema, "Nzuri sana. Nzuri sana."

"Bi mkubwa," naanza.

"Mume wangu, nyama iko wapi?"

"Sikiliza kwanza. Ile stika..."

"Na hicho kidoleni ni nini? Pete? Miaka yote hii, leo ndiyo unanivisha?"

Nasikia kicheko kinapanda. Kimefika tumboni. Kimefika kooni. Kwenye kidole gumba Zohali inaanza kujikunja pembeni na kunuka gundi.

"Kijana," inasema, "mimi nakuwa karatasi."

Mwalimu Gwandu anaondoka. Bibi anashika kiuno, anaanza kuinama.

Maneno yote niliyo nayo kwa bibi huyu ni ya utani, nimeyapanga tangu utotoni, hayana hata moja la akiba. Napekua mpaka chini kabisa, naokota la kwanza ninaloligusa.

"Shikamoo, Bibi."

Foleni nzima inageuka. Bibi anajinyoosha.

"Marahaba," anasema polepole. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nilikudanganya. Si stika. Iko juu kweli, mbali sana, na pete yake ni ya kweli. Mimi niliiona, halafu nikakutoa wewe kwenye foleni. Nisamehe, Bibi."

Sikucheka. Darubini inaniinamia, inanikagua meno, inatikisa kichwa kwamba ndiyo, hajacheka.

Bibi ananitazama kwa jicho lake jipya, muda mrefu, kama anayekagua mchele.

"Ungesema kabla sijala zile karanga," anasema. "Zilikuwa chumvi tupu."

Kidole gumba kinakuwa chepesi. Zohali inajinyoosha, inajikung'uta, inatoka kupitia dirisha la sebuleni bila haraka, kama mama mwenye nyumba anayerudi kwake baada ya kusuluhishwa. Nasikia huko juu miezi mia na zaidi ikiuliza kwa pamoja kuna nini cha kula.

Bibi anainama tena. Darubini ile iliyokuwa haitaki kuguswa inamshika mabega, inamvuta taratibu, inamkumbatia jicho kwa mpira wake mweusi wa duara.

"Yoo," anasema Bibi. "Imekaa kama kitumbua kwenye kisahani."

"Dakika moja kila mtu, mama," inasema darubini.

"Nimekaa miaka mitatu ndani ya moshi," anajibu Bibi bila kuinua kichwa. "Anza kuhesabu hiyo, halafu tutafika kwenye dakika yako."

Darubini inaanza kuhesabu. Watu wa foleni wanakaa chini, kwenye kochi na kwenye zulia. Mtu anapitisha birika la chai. Mimi nami nashusha pumzi, ndefu mno, mpaka hema la nyota linasimama lenyewe na feni inaambiwa ikapumzike.

Nikaamka. Saa kumi na mbili na nusu. Basi la kwanza lilishaondoka.

Nikakaa kitandani nikakumbuka kwamba ndoto ni ndoto na Bibi hajaona kitu. Basi nikaenda jikoni kumwambia kweli, safari hii nikiwa macho, kabla utani haujaamka. Mama alikuwa anakaanga mayai. Bibi amekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, ameelekea dirishani, ametulia kama mtu aliyetoka kula vizuri kwenye harusi ya watu.

Akageuka kunitazama. Kuzunguka jicho lake la kulia, lile la operesheni, palikuwa na duara jeusi, jembamba, safi, kama limechorwa kwa bikari.

"Mama," mama akamwuliza, "umejipaka nini hapo?"

"Masizi tu ya jiko," akasema Bibi, akarudi kwenye chai yake.

Jiko letu ni la gesi.