Hasira Ilipopotea Njia

Fundi rangi aliyeitwa Baruti hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na majirani, baada ya kubishana na mwenye nyumba mmoja kama mlango ni wa bluu au si wa bluu, mpaka akaung'oa ule mlango akaondoka nao kichwani. Kwa hiyo alipookoka, mtaa mzima ulikaa mkao wa kula, kuona kati ya Roho Mtakatifu na Baruti nani atamshinda mwenzake.

Mwaka ukapita kwa amani kiasi. Kisha Jumapili moja mama mchungaji akahubiri juu ya waumini wanaonyonya maziwa miaka nenda miaka rudi, ukiwapa chakula kigumu wanalia. Baruti alitoka kanisani amenywea. Aliona amehubiriwa yeye peke yake. Jioni hiyo akaamua kwamba lazima akue, tena haraka.

Tangu hapo nyumbani hakukukalika. Alitembea polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi. Utani akauacha. Salamu yake ilitoka tumboni, nzito kama gunia. Ukimwambia chai iko tayari, kwanza anafumba macho. Watoto wake pacha wakawa wananyata kila wanapomwona.

"Baba Pacha," mkewe akamwuliza, "umekomaa kiroho au unaumwa jino?"

"Utu uzima si mchezo, mke wangu."

"Naona. Hata sisi tunaumia."

Baruti akamwendea mama mchungaji, akamkuta nyuma ya nyumba anaanika nguo, kibanio mdomoni.

"Mchungaji, mtu atajuaje kwamba amekua?"

Mama mchungaji akakitoa kibanio. "Mtoto hajioni akirefuka, fundi. Anashtukia tu suruali imepanda juu ya vifundo."

Baruti akashukuru, akaondoka hajaridhika. Yeye alitaka kipimo, au walau mfungo mkali.

Wiki hiyo hiyo kanisa likampa kazi ya kupaka ukumbi wa ibada kabla ya Jumapili ya ubatizo. Rangi iliyochaguliwa ilikuwa ya maziwa. Baruti aliona anasutwa, lakini akashika brashi. Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, ambaye watu walimwita Kesho kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Kesho hakuwa na ubaya na mtu, ila akishika kitu, ujue kitadondoka. Baruti alikwisha kumfukuza kazi mara nyingi, na kila mara dada mtu akamrudisha.

Jumamosi mchana walikuwa wamebakiwa na ukuta wa mbele. Kesho alikuwa juu ya ngazi, ndoo imening'inia kwa kamba pembeni yake. Baruti alikuwa chini, amepiga magoti, anapaka kando ya sakafu kwa brashi ndogo. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi hatua chache kutoka hapo. Wimbo ulipopanda, ukapanda na Kesho. Akasahau kwamba yuko hewani, akanyanyua mikono yote miwili kuongoza sauti ya tatu. Kiwiko kikaigonga ndoo, kamba ikafunguka.

Rangi yote ilimwishia Baruti. Ilianzia utosini, ikajaza masikio, ikashuka ndani ya kola, ikatokea kwenye soksi. Ndoo yenyewe ikamfuata, ikambusu bega, ikabingirika hadi kwenye kinanda.

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mpiga kinanda akabaki vidole hewani. Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne, mtu wa miraba minne, akajificha nyuma ya bibi wa sauti ya kwanza. Huko juu, Kesho alikuwa ameikumbatia ngazi.

"Shemeji," akasema kwa upole, "nishuke, au nibaki huku huku?"

Baruti alijifuta rangi machoni. Alikuwa anaisubiri hasira. Aliijua njia yake: huanzia tumboni, hupanda kifuani, hupitia shingoni, ikifika machoni basi tena. Akaisubiri tumboni, haikuja. Akaitafuta kifuani, hayupo mtu. Akabaki amepiga magoti kama mwenye nyumba anayegonga mlango wake mwenyewe na hafunguliwi.

Badala yake kikamjia kitu kingine, kitu cha kutekenya. Akajaribu kukibana, maana muumini aliyekomaa hacheki hovyo mbele ya madhabahu. Kikatafuta upenyo, kikatokea puani, na puani palikuwa na rangi. Likafura povu kubwa, jeupe, la mviringo, kwaya nzima ikalitazama likikua. Likapasuka.

Hapo Baruti akaangua kicheko. Alicheka mpaka akalala chali sakafuni. Akijaribu kuinuka, anateleza, anaanza upya.

"Shuka, shemeji," akasema alipopata pumzi.

"Acha kwanza kucheka ndipo nishuke."

"Siwezi."

"Basi nitashuka kesho."

Hilo likaimaliza kwaya. Bibi wa sauti ya kwanza ilibidi ashikiliwe. Mpiga kinanda alilalia vitufe, kinanda kikalia chenyewe.

Kelele hizo zikamleta mzee wa kanisa, msimamizi wa majengo, mtu asiye na masihara. Akatazama sakafu, akatazama zulia la madhabahuni lililotapakaa rangi, akatazama kitu cheupe kilichokuwa kinacheka.

"Nani kafanya haya?"

Kesho akafumba macho juu ya ngazi. Alilijua jibu, siku zote lilikuwa yeye.

"Ni sisi, mzee," Baruti akasema, akijifuta mdomo. "Ndoo ni yetu, na kamba niliifunga mimi. Tusamehe. Ni rangi ya maji, tukiwahi inatoka."

Kesho akafumbua jicho moja. Mzee wa kanisa alitaka kukaripia, lakini Baruti alikuwa amempa mkono, naye kwa mazoea akaupokea. Akautazama mkono wake uliogeuka maziwa. Midomo ikamcheza. Akavua koti, akaomba tambara. Wanakwaya nao wakakunja mikono ya nguo zao, wakasugua zulia huku wakiimba, na kila walipofika pale wimbo unapopanda, wakashindwa kuendelea.

Magharibi, mashemeji wawili walirudi nyumbani wameshikana mabega, mmoja mweupe pe, mwingine ametapakaa madoa. Fundi viatu wa pale kona akawauliza kulikoni. Walijaribu kumweleza, wakaishia kushikilia mbao za kibanda chake kwa kicheko.

Mke wa Baruti alifungua mlango, akamwona mume, akamwona kaka yake, akahesabu meno.

"Kesho kakumwagia ndoo," akasema. "Na hamkupigana?"

"Nimeitafuta hasira, Mama Pacha," Baruti akasema. "Kweli kabisa nimeitafuta. Sikuikuta."

Mkewe akakaa kwenye kizingiti. Aliliombea jambo hilo kwa muda mrefu, kimyakimya, wakati wa kuosha vyombo, na sasa limekuja likiwa limepakwa rangi. Akacheka, machozi yakamtoka. Pacha wakatoka mbio kuona, wakamrukia baba yao bila kunyata, wote wawili kwa mpigo, na nguo zao safi.