Jumla ya Mashine Kumi na Mbili

Kanuni ya Dkt. Mugure ilikuwa ya mstari mmoja, na ilibandikwa mlangoni mwa maabara: jibu lisilolingana na jibu la rejea hupata sifuri, hata likipatikana upesi namna gani. Cherop aliipita kila wiki muhula mzima bila kuifikiria. Jumatatu hiyo aliisoma mara mbili, kwa sababu jibu lake halikulingana.

Somo lilikuwa ukokotoaji sambamba, yaani namna ya kuzigawia kompyuta nyingi kazi moja ili ziifanye kwa wakati mmoja. Somo hilo laweza kufundishwa kwa michoro ubaoni. Lakini Dkt. Mugure alikuwa amekusanya kompyuta kumi na mbili zilizotupwa na ofisi za mjini Nakuru, akazipangusa vumbi mwenyewe kwa brashi ya rangi, akazipanga kwenye rafu ya chuma iliyochomelewa mtaani Kiamunyi, kisha akaziunganisha zikafanya kazi kama mashine moja. Alijua kasi ya kila moja. Ya tisa, iliyokuwa na tabia ya kupata joto, aliiweka karibu na dirisha. Cherop hakuwahi kumwona mtu anayeheshimu vitu kwa kuvipima namna ile.

Zoezi la mwisho lilikuwa ramani ya miteremko iliyo juu ya mji wa Mai Mahiu, imekatwa vipande milioni arobaini, kila kipande na maji yake baada ya mvua kubwa. Kazi ni kujumlisha maji yote. Jibu la rejea, alilolipata Dkt. Mugure kwa kompyuta moja iliyojumlisha kipande baada ya kipande, lilikuwa mita za ujazo 4,211,380. Cherop alipata 4,062,117. Zoezi lilibeba alama sitini kati ya mia. Angepata sifuri, angerudia somo, na mahafali ya Desemba yangempita.

"Umeharibu wapi?" Maina, aliyeketi naye benchi moja, alimuuliza. "Sisi wote tumepata ya Madam."

"Mmejumlisha aje?"

"Mashine zinasoma, zinatuma kila kitu kwa ile ya kwanza, ile ya kwanza inajumlisha. Ndivyo wale wa mwaka jana walituambia. Ni slow, lakini jibu linatoka."

"Yangu, kila mashine inajumlisha sehemu yake, halafu naunganisha zile jumla kumi na mbili."

"Nyinyi watu wa mbio mna shida. Kipngeno alijaribu hivyo mwaka jana, na ramani ni hii hii. Saa hii anauza vipuri vya lori Mai Mahiu. Tembea polepole kama sisi."

Cherop aliikagua programu yake mstari kwa mstari hadi saa kumi. Hakuona kosa. Akaenda ofisini kwa Dkt. Mugure.

"Madam, jibu langu halilingani na lako, na sijaona kosa langu."

"Hujaliona, ama halipo?"

"Sijui."

"Hayo ni mambo mawili. Nenda ujue ni lipi, uniletee Ijumaa saa nne."

Siku mbili hakupata kitu. Alhamisi asubuhi, akiosha kikombe, alikumbuka karani mpya wa kituo cha maziwa kule kwao Keringet. Karani huyo alikuwa na amri ya kuandika jumla ya tangi kila mkulima alipomwaga, na jumla iandikwe kwa tano tano tu. Tangi lilipofika lita mia tano, mamake Cherop akaleta mbili. Mia tano na mbili: karani akaandika mia tano. Jirani yao Micah akaleta mbili. Mia tano na mbili: akaandika mia tano. Tangi lilifurika na kitabu bado kinasema mia tano. Akina mama wakaanza kukusanya maziwa yao kwenye mtungi mmoja kabla ya kwenda kwa karani, na kitabu kikalingana na tangi.

Alikimbilia maabara. Aliiamuru kompyuta moja ijumlishe sehemu moja ya kumi mara milioni kumi. Jibu lafaa kuwa milioni moja. Kompyuta ilisema 1,087,937. Akaiamuru ijumlishe kwa mafungu ya elfu moja moja, kisha iyajumlishe mafungu. Ikatoa milioni moja, kasoro chembe. Namba walizotumia zilikuwa na nafasi ndogo, ya tarakimu chache tu. Jumla ikishakuwa kubwa, kila tone liliandikwa kama sifuri au kama zaidi ya tone.

Ijumaa saa nne Dkt. Mugure alisikiliza habari ya karani bila kutabasamu, kisha akaketi na kuliendesha jaribio mwenyewe. Alifungua programu yake ya rejea, akazipa namba nafasi maradufu, akaiendesha upya darasa zima likimtazama. 4,062,109.

Alisimama, akalifuta jibu la zamani ubaoni.

"Jibu nililowapa si sahihi," alisema kwa sauti ile ile ya kila siku. "Programu hii niliiandika ramani ilipokuwa ndogo. Ramani ilipokua sikuipima tena. Kosa ni langu."

"Na sisi tuliopata kama wewe, Madam?" Maina aliuliza.

"Mmekosea pamoja na mimi. Mna wiki moja ya kurudia."

"Na mimi?" Cherop aliuliza.

"Wewe umekosea kwa mita nane."

"Nane kwa milioni nne, Madam."

"Nimesema nane. Sijasema ni mbaya. Hamsini na nne kati ya sitini."

"Zile sita?"

"Jumatatu hukujua kwa nini."

Cherop aliandika 54 daftarini. Desemba ilikuwa yake.

Wenzake walitoka. Yeye alibaki akikunja waya, ndipo akamwona Dkt. Mugure akifungua faili la mwaka uliopita, akishusha kidole hadi kwenye sifuri moja, kisha akichukua simu.

"Kipngeno? Ni Mugure, wa chuo. Mwaka jana ulipata milioni nne na elfu sitini na mbili, nikakupa sifuri. Ulikuwa sahihi." Kwenye simu lori lilinguruma likapita. "Ndiyo, nimepima. Nipe namba yako ya usajili. Jumatatu naipeleka kwa kamati ya mitihani, na kosa langu kwa maandishi."

Kipngeno aliitaja bila kusita, kama mtu aliyeitaja jana. Dkt. Mugure aliirudia tarakimu moja moja akiiandika, na Cherop alisimama mlangoni, waya mkononi, hadi ya mwisho.