Masizi ya Mlimani

Mgeni rasmi alikuwa anahutubia, na palepale uani gari la zimamoto likinguruma ili joto liunguze masizi yaliyoziba chujio la moshi. Mkuu wa kituo akamjia dereva mbio, uso ameukunja.

"Dada, zima hiyo injini! Mgeni hasikiki."

"Sizimi, Afande. Kila nikianza mnanikatiza. Leo hotuba, jana gwaride."

"Hiyo ni amri!"

Dereva akaegemea mlango wa gari, mikono kifuani.

"Juzi gari liliishiwa nguvu mlimani kwa masizi hayahaya, tukakuta nyumba imeshateketea. Mwenye nyumba yule pale, kiti cha mbele. Nenda kamwambie yeye kwamba kelele zinakukera."

Mkuu akamtazama yule mama. Kisha akaenda kuongeza sauti ya spika.