Ndevu za Nthenya

Kidevu cha Nthenya kilikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa inaota. Kwa miaka kumi, kila asubuhi aliamka akaing'oa kwa kibanio, unywele mmoja mmoja, kabla ya kwenda kuuza mitumba Soko la Toi. Sasa Nashon, seremala mjane wa Kisumu Ndogo, alitaka kumuoa, na Jumapili ndoa yao ingetangazwa kanisani. Mwanamume gani ataamka kando ya mke mwenye ndevu asitoroke? Mwezi mmoja kabla, Nthenya alikimbilia kliniki ya kuondoa nywele kwa leza Kawangware.

"Mathe, using'oe tena," Tabby, mwenye mashine, alimwambia. "Huu mwanga unafuata mzizi. Uking'oa, hauna kitu ya kuchoma. Ngoja mwezi moja, halafu siku ya kuja unanyoa na wembe."

Kwa mwezi huo Nthenya alijifunga leso hadi puani, akisingizia jino. Nashon, maskini wa Mungu, kila jioni alimletea uji na karafuu. Nthenya aliunywa kwa aibu, maana meno yake yote yalikuwa mazima.

Jumamosi ikafika. Wembe hakuwahi kuutia usoni, akaogopa kujikata. Akadamkia kwa Collins, kinyozi wa Mashimoni, kabla wanaume hawajaamka. Collins ndio kwanza amalize kumpaka povu, pazia likafunguliwa, akaingia Nashon na kofia ya sufu kichwani.

Nthenya aliona ndoa yake ikimponyoka hivi hivi.

"Si jino," akasema. "Ni ndevu. Leo naenda kuchomwa na leza. Kama hunitaki, sema sasa, si kesho mbele ya pasta."

Nashon akavua kofia. Nywele zilikuwa nyeupe pe mizizini.

"Collins hunipaka rangi kila Jumamosi," akasema polepole. "Nilikuambia niko na miaka arobaini na mbili. Niko na hamsini na sita." Akamtazama kidevu. "Hiyo leza inaweza toa mvi?"

"Inashika nyeusi pekee," Nthenya akamjibu. "Wewe ungebaki na mvi tupu."

Collins akauliza aanze na nani. Nashon akamnyang'anya wembe, akasema mikono yake imezoea randa. Akainama, akamnyoa mchumba wake taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nthenya alitulia tuli, machozi yakichanganyika na povu. Nashon alipomaliza, Nthenya akamkalisha kitini na kuchukua brashi ya rangi.

"Nikurudishe arobaini na mbili," akamwuliza, "ama tuishie hamsini?"