Jembe la Jumamosi

Rael alikuwa na ulimi wenye kufuli. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, siku ile lori la mahindi lilipowashusha mtaa wa Langas, yeye na baba yake na mama yake na mtoto mchanga mgongoni.

"Baba, usihangaike," alisema. "Hata wanifinye na koleo, hakuna mtu Eldoret hii atajua tumetoka wapi. Ulimi wangu una kufuli, na ufunguo nimeumeza."

Kufuli hilo lilidumu mpaka saa nne ya siku yake ya kwanza shuleni. Wakati wa mapumziko, msichana mmoja wa darasa lake, Kavetsa, alimuuliza kwa wema tu, "Jana jioni mlikula nini?"

"Posho na maharagwe," Rael akajibu.

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Eldoret watu hula ugali. Posho ni mahindi unayobeba kichwani kupeleka kwa mashine ya kusaga.

"Posho? Mnadonoa mahindi makavu kama kuku?" Wavulana wakaanza kulia kama kuku. Walimfuata hivyo hadi langoni, ko-ko-ko, ko-ko-ko.

Lakini ng'ambo ya mpaka, kule Mbale, ugali ndio huitwa posho na hakuna anayecheka. Na Mbale ndiko walikotoka, kwenye kilima chenye sinagogi ya matope na mabati. Ndiyo, sinagogi. Watu wa Rael walikuwa Wayahudi, weusi kama mimi na wewe, walioshika Sabato tangu babu wa babu. Kisha serikali ya upande ule ikatoa amri kwamba Wayahudi wasisali tena. Sinagogi ikafungwa kwa mnyororo. Babu yake Rael akaendelea kusali Jumamosi, chini kwa chini, katikati ya migomba. Askari walimkuta na kitabu mkononi. Kitabu wakakichoma, na Babu wakampiga mpaka mkono wake wa kulia ukakataa kufunga kifungo. Babu alipozikwa, Zachariah, baba yake Rael, alisema, "Sasa tunaenda."

Huku Kenya Zachariah aliwaambia watu kwamba wao ni Wabukusu wa Chwele, kwa sababu lugha zinakaribiana kama mtu na binamu yake. Na kwa vile Jumamosi hawakuwasha moto wala kushika kazi, majirani wakajijibu wenyewe: "Ah, hao ni Wasabato." Zachariah hakukubali wala kukataa. Alicheka tu na kusema hali ya hewa ni nzuri.

Kila kitu kingekuwa sawa kama si ile posho.

Mwaka huo wa sabini na nane chama kilikuwa kimoja tu nchini, na kijana wa chama pale Langas alikuwa Johnstone. Shati jekundu, beji kifuani, kirungu kwapani. Kwa vile chama hakikuwa na mpinzani wa kupigana naye, Johnstone aliamua kupigana na majirani. Alikula kuku wao kwa niaba ya chama. Alipowasikia watoto wakimlilia Rael posho, ko-ko-ko, akamuuliza Kituyi, fundi wa mashine ya kusaga, maana yake ni nini. Kituyi hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana kueleza mambo.

"Posho? Hao watakuwa watu wa Uganda," alisema. "Mbukusu wa Chwele anasema ugali."

Jioni hiyo hiyo Johnstone akasimama mlangoni kwao.

"Zachariah, nionyeshe kitambulisho."

Zachariah akasema hali ya hewa ni nzuri.

"Nilijua. Sasa sikia, mzee. Najenga nyumba pale chini. Kila Jumamosi utakuja kunifyatulia matofali. Usipokuja, Jumatatu nakupeleka mpakani Malaba, na wenzako wa ng'ambo watakupokea na viboko."

"Nitakuja, bwana. Jumapili, Jumatatu, siku yoyote ile. Tafadhali, isiwe Jumamosi."

Jirani yao wa mlango wa pili, Mama Maximilla, akapaza sauti akichambua mboga. "Waache, Johnstone! Hao ni Wasabato!"

Johnstone akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. "Kumbe? Basi hiyo Jumamosi ndiyo naitaka hasa."

Na Zachariah akaenda. Rael alimwona akiingia kwenye tope na shati lake jeupe la Sabato, kwa sababu alikataa kuvaa nguo za kazi siku ile takatifu. Jioni shati lilirudi likiwa na rangi ya udongo, na baba yake hakumtazama mtu usoni. Babu alikufa akiilinda Sabato. Sasa Baba alikuwa anapokonywa, Jumamosi moja baada ya nyingine, na mtu aliyekaa juu ya rundo la matofali akitafuna muwa.

"Usimchukie," Zachariah alimwambia bintiye. "Imeandikwa, kisasi ni cha Bwana."

"Ndiyo, Baba," alijibu Rael. Moyoni akasema: Bwana ana kazi nyingi. Upande wa Uganda peke yake foleni ni ndefu. Acha nimsaidie kidogo.

Wiki ya sita ikaja habari. D.O. mpya, afisa wa wilaya, angefanya baraza Langas Jumanne, na Johnstone ndiye angempokea. Huyo D.O., watu walisema, alikaa miaka mitatu mpakani akikamata watu wa magendo ya kahawa. Wengine walisikia hayo wakasahau. Rael aliyasikia, akayaweka akibani.

Jumamosi ile alimpelekea baba yake kiporo cha Ijumaa. Akamkuta Johnstone amevua koti, amelitundika kwenye nguzo, anayahutubia matofali.

"Welcome, sir! Langas inakusalimu, sir!"

"Sir?" Rael akauliza, macho makubwa kama ya ndama. "Hiyo si ya mwalimu wa primary?"

Johnstone akageuka. "Wewe posho unajua nini?"

"Sijui kitu, kaka. Lakini kule kwetu mtu mkubwa huwezi kumwita sir tu. Hata wasomi wa chuo cha Makerere, mtu wa heshima wanamwita sebo. Sir ni maji, sebo ni maziwa."

"Se-bo," Johnstone akaionja.

"Unainama kidogo ukisema."

"Sebo!"

"Aki, kaka, hapo hata mimi nimetetemeka."

Na tuelewane: Rael hakusema uongo. Sebo ni neno la heshima kabisa, kutoka Kampala hadi Mbale. Tatizo ni kwamba liliishia Malaba.

Johnstone akashuka kwenda kumkemea Zachariah kwa kupindisha tofali, huku akijinong'oneza sebo, sebo. Koti likabaki kwenye nguzo. Kilichotokea kwa hilo koti, msimulizi hajui. Wakati huo alikuwa anafunga kamba za viatu.

Jumanne ikafika. D.O. akashuka kwenye Land Rover, miwani nyeusi, fimbo mkononi, askari wawili nyuma yake. Langas nzima ilikuwepo, isipokuwa Zachariah, ambaye bintiye alimsihi sana asitoke nyumbani. Johnstone akapiga hatua mbele, akainama mpaka beji ikagusa goti.

"Karibu sana, sebo! Langas inakusalimu, sebo!"

D.O. akavua miwani. "Umesema nini?"

Johnstone akadhani amemfurahisha. "Sebo, sebo!"

"Miaka mitatu Malaba," D.O. akasema taratibu. "Kila mtu wa magendo niliyemshika alinililia hivyo hivyo. Sebo, nihurumie, sebo. Wewe umetoka wapi?"

"Hapa hapa, sebo... namaanisha sir!"

"Kitambulisho."

Johnstone akatia mkono kwenye koti. Akatia kwenye suruali. Akavua viatu, akavikung'uta. Jasho likaanza kumtoka.

"Nani anamjua huyu mtu?" D.O. akauliza umati.

Watu wote wa Langas wakaanza kutazama viatu vyao wenyewe. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka kuku wake. Mama Maximilla, aliyepoteza watatu, akajikuna shingo.

"Sura kama naiona ona," alisema. "Lakini siku hizi watu wanafanana sana."

"Sio mimi!" Johnstone akapiga kelele. "Mganda ni Zachariah! Anafanya kazi kwangu!"

"Kwa hivyo ulikuwa unaficha wageni?"

Johnstone akainama kuvaa viatu vyake haraka.

"Kila ninayemkamata ananionyesha mwingine," alisema D.O. "Mpandisheni."

Rael alikuwa amekaa juu ya ua. Alimtazama akisukumwa ndani ya gari, shati jekundu limechomoka, kiatu kimoja kimebaki chini. Aliitafuta huruma moyoni mwake, akakuta imehama. Akaula huo wakati polepole, kama mtu anayetafuna muwa.

Siku mbili Johnstone alilala ndani, mpaka mama yake akaja kutoka Turbo na cheti cha ubatizo. Aliporudi, watoto walimpokea kwa wimbo wa neno moja, na unalijua. Habari ya Uganda hakuigusa tena, maana kuisema ni kujifunga mwenyewe. Habari ya matofali nayo ikafa.

Ijumaa, jua likiwa bado juu ya mahindi, Mama alisafisha taa, na Zachariah akavaa shati lake jeupe. Madoa ya udongo hayakutoka yote. Akamketisha Rael mbele yake.

"Mwanangu, yule kijana alipotezaje kitambulisho?"

"Ni Mungu, Baba. Koti lake limetoboka, kikadondoka. Si ulisema kisasi ni cha Bwana?"

"Wewe hukukigusa?"

"Mimi? Jumamosi? Nilikuletea chakula, nikarudi nikakaa kimya, mikono mapajani, kama Babu alivyotufundisha."

Macho ya Zachariah yakalowa. Akamwekea bintiye mkono kichwani. "Basi Mungu asifiwe. Mimi waliichafua Sabato yangu kwa nguvu. Angalau katika nyumba hii yako ilibaki safi."

"Hodi!"

Alikuwa Mama Maximilla, magoti yana udongo, mkononi mkebe wa mafuta ya kupikia uliopata kutu.

"Karibu, Mama."

"Sikai, naharakisha. Nilikuwa napanda mboga ya sukuma nyuma ya choo, jembe likagonga hiki. Fungua uone." Akafungua mwenyewe. "Kitambulisho cha Johnstone, na alama ya dole gumba lake hii hapa! Nikajiuliza, nani amezika mtu wa chama kwenye sukuma yangu? Ndipo nikakumbuka." Akamgeukia Rael, uso umejaa upendo wa jirani. "Si ni wewe nilikuona pale Jumamosi na jembe langu? Jasho linakutoka, unalima kama ng'ombe wa Ainabkoi! Nikasema moyoni, kumbe siku hizi Wasabato wanalima."

Mkono wa Zachariah ukaondoka polepole kwenye kichwa cha bintiye.

Rael alifungua mdomo. Na kwa mara ya kwanza tangu Mbale, lile kufuli likafanya kazi.